Mji Mkongwe kwa Kiti Mwendo: Namna ya Kuzuru Ngome Kongwe na Majirani Zake

Ukipiga simu Unguja ukauliza kama mtu wa kiti mwendo anaweza kuingia jengo fulani la Mji Mkongwe, jibu utakalopata karibu kila mara ni hili: "Hamna tabu, njoo tu, vijana wapo watakubeba." Anayekujibu hivyo hakudanganyi, na vijana kweli wapo. Lakini kwa jibu hilo huwezi kupanga chochote. Hujui vipandio ni vingapi, mlango una upana gani, wala hao vijana watakushika wapi.

Mwongozo huu ni wa anayekaa kwenye kiti na wa yule anayemsukuma. Ninachozungumzia hasa ni kiti cha kusukuma kwa mkono. Cha umeme nitakigusia mahali pake, maana Mji Mkongwe unakitesa zaidi.

Jua aina ya jengo kabla ya kuchagua

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kilichoupa sifa hiyo ndicho hicho hicho kinachokusumbua wewe. Majumba yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti hazina urefu mkubwa, kwa hiyo vyumba vingi vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, halafu vinarefuka. Chumba cha namna hiyo kikiwa kitupu kiti kinageuka bila taabu, kwa sababu kiti kinataka duara la sentimita 150 kuzunguka. Makumbusho yakishapanga makabati ya vioo kila upande, utaingia kwa mbele na kutoka kinyumenyume.

La pili: katika majumba ya wakubwa, ghorofa ya chini ilikuwa ya ghala, duka au ofisi, na familia iliishi juu. Vyumba vyenye fahari, baraza za mbao na upepo wa bahari viko huko juu, na ngazi za kwendea ni nyembamba, kali, na vipandio vyake havilingani kimo. Ukilielewa hilo mapema hutapoteza asubuhi nzima ukibishana na ngazi ili tu uone chumba kimoja.

Kwa kipimo hicho mimi huyagawa majengo mafungu matatu. Kuna yaliyo na uwanja wa wazi, na Ngome Kongwe ndiyo mfano bora. Kuna yenye ukumbi mmoja mkubwa wa chini, kama Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini. Kisha kuna majumba ya ghorofa, yaani makasri na Zahanati ya Kale. Kama una siku moja tu, anza na la kwanza, nenda la pili, na la tatu litazame kwa nje.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambalo kila mtu atakuuliza kama umeliona, lina habari yake. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na husemwa kuwa ni miongoni mwa majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Nikipita hapo huwa nacheka peke yangu: wafalme walishalifikiria suala la ngazi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo usilihesabu kuwa la kuingia mpaka uulize kwanza. Uso wake unaonekana vizuri kutoka upande wa bahari.

Simu: omba vipimo

Swali la "panafikika?" liache. Uliza vitu vinavyohesabika, na uviulize kwa vipimo ambavyo mtu anavyo mwilini, maana mlinzi wa mlangoni hana futi mfukoni. Shubiri ya mtu mzima ni kama sentimita 22. Viti vingi vya mkono vina upana wa sentimita 60 hadi 68 kwa nje, kwa hiyo mlango wa shubiri tatu utapita kwa kukwaruza vidole au hutapita kabisa, na mlango wa shubiri nne unapita kwa raha. Kimo cha kipandio kiulize kwa mguu: kinafika kwenye kifundo, nusu ya ugoko, au goti?

Mazungumzo huenda hivi:

"Asalaam alaykum."
"Waalaykum salaam, karibu."
"Ahsante kaka. Mimi natumia kiti mwendo, nataka kuja Jumamosi asubuhi. Hapo mlangoni kuna vipandio?"
"Viwili vitatu tu dada, si vingi."
"Viwili au vitatu?"
"Ngoja nikatazame." Kimya kidogo. "Vinne."
"Ahsante. Kimoja kimoja kinafika wapi, kifundo au nusu ya ugoko?"

Dakika mbili zile za kumtuma akatazame zina faida kuliko picha zote za intaneti, ambazo hupigwa kutoka mahali pazuri na hazionyeshi kizingiti. Kama ana WhatsApp, mwombe picha ya mlango kutoka chini, na chupa ya maji ya nusu lita imesimamishwa kando ya kipandio. Chupa hiyo ina kimo cha sentimita 20 na kitu, kwa hiyo utaweza kukadiria kila kilichomo pichani.

Maswali mengine ya kumuuliza mtu huyo huyo: gari linafika wapi, na kutoka hapo hadi mlangoni ni chini ya namna gani, saruji, vitofali au mchanga? Kuna mlango mwingine wa nyuma au wa pembeni, hata kama ni wa kuingizia mizigo? Mara nyingi mlango wa mizigo ndio ulio bapa, kwa sababu hakuna anayependa kupandisha friji kwenye ngazi. Choo kiko ghorofa gani, na ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Malizia kwa kuuliza jina lake na kama siku hiyo atakuwa zamu. Ukifika ukisema "nimezungumza na fulani", mambo huenda kwa wepesi zaidi.

Mlango wenyewe unahitaji neno lake. Milango ile ya kuchongwa ina mabawa mawili, na bawa moja limeshikana na mfaa, ule mti wa katikati. Kwa kawaida hufunguliwa bawa moja tu, na nafasi inayobaki haipitishi kiti. Omba yafunguliwe yote mawili. Komeo la bawa la pili wakati mwingine halijaguswa kwa miezi, hivyo lisemee tangu kwenye simu ili wasianze kutafuta nyundo ukiwa juani. Chini kuna kizingiti cha mbao, na hicho mfunguaji hawezi kukuondolea.

Kiti na begi

Siku moja kabla, jaza upepo tairi kubwa, jaribu breki zote mbili, na kaza nati za vikanyagio. Chukua tyubu moja ya akiba, viraka na solusheni, pampu ndogo, na spana inayoingia kwenye ekseli. Viti vingi vina magurudumu ya nyuma ya inchi 24, na fundi baiskeli yeyote atakuzibia tyubu. Kukuuzia mpya ya kipimo hicho ni jambo jingine, kwa hiyo njoo nayo.

Udhaifu wa kiti mjini humo ni magurudumu madogo ya mbele. Yanazama kwenye mianya ya vitofali na kwenye mifuniko ya mifereji. Mifuniko yenye matundu marefu ivuke kwa mshazari, usiende sambamba na tundu. Kama kiti chako kina vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka, jifunze kuvikunja, la sivyo msukumaji hataweza kukulaza nyuma kuvuka kizingiti.

Ubao wa kupandia ni mzigo, lakini kwa anayekuja na gari nauona una thamani. Hesabu yake ni rahisi. Mteremko unaopendekezwa ni wa moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 kinataka ubao wa mita 1.8. Ukiwa na msukumaji mwenye nguvu unaweza kukubali moja kwa nane, yaani ubao wa mita 1.2 kwa kizingiti hicho hicho. Chini ya hapo kiti kinaanza kutaka kupindukia nyuma. Mbao mbili nyembamba, moja kwa kila upande, hubebeka kwa wepesi kuliko ubao mmoja mpana, ila hakikisha zina ukingo usioruhusu gurudumu kutoka nje.

Begini tia kanga au shuka, glavu, maji, na mkanda wa kufunga kiunoni. Matumizi ya kanga nitayaeleza nikifika kwenye ngazi.

Mwenye kiti cha umeme: uzito wa kiti peke yake mara nyingi huzidi kilo 50, na vizito zaidi hupita 100. Hakuna vijana wanne wa kukibeba juu ya ngazi nyembamba bila kukihatarisha na kujihatarisha. Kama una kiti cha mkono cha akiba, siku hii kitumie hicho.

Siku na saa

Asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa tano ndiyo bora. Baada ya hapo jua la Unguja, hasa miezi ya kaskazi kuanzia Desemba, hupasha vyuma vya kiti mpaka huwezi kushika ringi bila glavu. Masika, Machi hadi Mei, maji hutuama vichochoroni na kuficha mashimo, na mawe yaliyolowa huteleza. Ijumaa mchana acha, watu wanakwenda msikitini na barabara zinajaa. Ramadhani uliza saa za kufungua kwa kila jengo, maana hubadilika.

Kutoka bandarini hadi Forodhani

Wengi huja kwa boti kutoka Dar es Salaam, safari ya takriban saa mbili. Mwambie karani wakati wa kukata tiketi kwamba unatumia kiti, kisha umwambie tena mhudumu wa getini, kwa sababu habari hazisafiri kutoka dirisha moja hadi jingine. Omba kukaa sitaha ya kuingilia ili usipandishwe ngazi za ndani.

Jambo ambalo wageni wa bara hawalifikirii ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3. Boti inapanda na kushuka na maji, na njia ya kushukia inageuka kutoka karibu bapa hadi mteremko mkali. Tazama jedwali la maji kabla ya kuchagua boti. Ukilazimika kushuka wakati wa mteremko mkali, shuka kinyumenyume, msukumaji akiwa chini yako, abiria wengine wakishapita. Hakuna zawadi ya kutoka wa kwanza.

Ukitoka getini, wabeba mizigo watakuzunguka. Mchague mmoja, mpe begi, kataa kwa upole asishike kiti. Kutoka bandarini hadi Forodhani ni chini ya kilomita moja kwa barabara ya Mizingani, kando ya bahari, na hii ndiyo njia ninayopenda kuliko zote. Kulia una majahazi na ngalawa, kushoto yanapita kwa zamu majumba yenyewe: Zahanati ya Kale na baraza zake za mbao zilizonakshiwa, jengo ambalo tajiri Tharia Topan alianzisha ujenzi wake mwaka 1887 na kukamilika 1894, kisha kasri la masultani, kisha Beit al-Ajaib. Watembeao kwa miguu huingia vichochoroni na kuyaona majumba haya vipande vipande. Wewe unayaona mazima. Tahadhari ni moja, magari na bodaboda, kwa hiyo kaa upande wa bahari na uvuke mara moja tu, utakapofika bustanini.

Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na ina njia za kupitika. Pumzika hapo, kunywa maji ya miwa, kagua tairi. Ngome iko ng'ambo ya barabara.

Ndani ya Ngome Kongwe

Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ikawa gereza na kambi ya askari, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa ghala la vifaa vya reli iliyotoka mjini kwenda Bububu. Yote hayo unaweza kuyafuata ukiwa chini, kwa sababu ngome ni kuta na uwanja. Huhitaji kupanda popote ili uione.

Simama langoni kwanza. Mtume mwenzako apite ndani na kurudi, akuambie kizingiti kikoje na sakafu ya kivulini ikoje, maana ukitoka kwenye jua kali macho hayaoni kipandio mpaka gurudumu limeshagonga. Mbinu ya kuvuka kizingiti ni hii: msukumaji anakanyaga fimbo ya nyuma ya kiti, anakulaza nyuma kidogo, magurudumu madogo yanapita juu, anayashusha taratibu upande wa pili, halafu anasukuma makubwa kwa nyonga zake badala ya mgongo. Kushuka kizingiti ni kinyume chake: geuza kiti, makubwa yatangulie.

Ndani, njia ngumu ni za pembezoni, karibu na maduka. Katikati kuna majani, na baada ya mvua majani hayo yanameza magurudumu ya mbele. Zungukia pembeni. Minara huwezi kuingia yote, na sioni hasara kubwa. Kilicho kizuri zaidi ni kukaa kivulini chini ya ukuta ukitazama juu, uone jinsi mawe ya matumbawe yalivyoshikamana bila mpango wa kuonekana.

Upande mmoja kuna ukumbi wa wazi wa maonyesho wenye viti vya ngazi za mawe. Wewe utakuwa chini, karibu na jukwaa, mahali ambapo wengine huwahi kupagombea. Tamasha la Sauti za Busara, ambalo hufanyika Februari, na lile la filamu la ZIFF yamekuwa yakitumia ngome hii kwa miaka mingi. Ukija usiku wa tamasha, ingia kabla ya jua kuzama, chagua mahali penye ukuta mgongoni, na zungumza na mlinzi mapema kuhusu njia utakayotokea, kwa sababu usiku wa manane umati wote hutoka kwa lango lile lile.

Mkunazini

Kutoka Ngome hadi Kanisa Kuu usipite vichochoroni. Chukua teksi izunguke mji kwa Barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Creek Road, ikushushe upande wa Mkunazini. Hapa palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huo huo chini ya Askofu Edward Steere.

Sanamu za kumbukumbu zilizotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998 ziko nje, katika shimo: watu watano wamesimama, shingoni wana minyororo. Shimo hutazamwa kutoka juu, kwa hiyo aliye kwenye kiti na aliyesimama wote wanaona. Omba mwongoza wageni akusimulie hapo hapo, msimulizi asimame mbele yako. Nasema hivyo kwa sababu waongozaji wengi huzoea kusema na msukumaji, juu ya kichwa chako, kana kwamba aliyeketi amelala.

Ndani ya kanisa, duara la marumaru karibu na altare linaonyesha mahali panaposemwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Msalaba wa mbao uliomo unasemekana kutoka kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Na zitazame nguzo fupi za nyuma: inasimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha juu chini wakati Askofu hayupo. Kabla ya kuingia uliza mlango upi una vipandio vichache, na kama kuna ibada.

Vyumba vya chini ya ardhi vinavyoonyeshwa wageni ni habari nyingine. Ngazi zake ni nyembamba na kali, dari iko chini kiasi kwamba hata anayetembea huinama. Wabebaji hawana nafasi ya kunyoosha mgongo, na mtu anayebeba akiwa ameinama ndiye anayekudondosha. Ushauri wangu ni kutoshuka. Mwenzako ashuke na simu arekodi video bila haraka, kuta zote nne na dari, kisha mtazame pamoja kwenye maonyesho ya historia yaliyofunguliwa hapo mwaka 2016.

Vichochoro

Ukitaka kuvionja, na ni vizuri uvionje, ingia umbali mfupi kisha urudi kwa njia uliyoingilia. Usifuate ahadi ya "tutatokea upande wa pili". Kuna baraza za mawe pande zote, pikipiki zinazopita bila kupunguza mwendo, na rikwama la mizigo ambalo likija mbele yako mmoja lazima arudi. Baraza zenyewe zina faida: nyingi zina kimo kinachokaribia cha kiti, ukichoka kukalia mto wako unaweza kuhamia hapo ukazungumza na wazee. Toa salamu kwanza, na useme "shikamoo" kwa aliyekuzidi umri. Kahawa itafuata yenyewe.

Kubebwa: amua kabla ya kufika mbele ya ngazi

Siungi mkono wala sipingi kubebwa. Ninachosema ni kwamba uamuzi uufanye nyumbani, kwa utulivu, maana mbele ya ngazi watu sita wanasema "twende, twende" na wewe unaona haya kukataa. Jiulize: kilicho juu kina thamani hiyo kwako? Na kushuka je, vijana hao watakuwepo?

Ukikubali, wewe ndiye unayeongoza. Watu wanne kwa ngazi pana, wawili wenye nguvu kwa ngazi nyembamba, mmoja nyuma kwenye vishikio na mmoja mbele chini kwenye fremu. Waonyeshe kwa kidole pa kushika: vyuma visivyochomoka. Vikanyagio na mikono ya kiti huchomoka, na aliyeshika hapo atabaki na kipande mkononi. Funga mkanda kiunoni. Kupanda, mgongo wako uelekee juu; kushuka, uso wako uelekee chini. Kwa vyovyote mwenye vishikio ndiye aliye juu, na anakulaza nyuma. Kipandio kimoja, pumzika, kipandio cha pili. Anayehesabu awe mmoja tu.

Dada zangu, hapa ndipo kanga inapofanya kazi: ifunge kuanzia kiunoni hadi chini ya magoti, isiache upepo wala mkono wa mtu kufika. Na una haki kamili ya kusema, "Bebeni kiti, mimi msiniguse." Unguja hawatakushangaa kwa hilo, watakuelewa kuliko unavyodhani.

Malipo yapatane kabla, kwenda na kurudi, na nusu ibaki mkononi mwako mpaka utakaposhuka.

Choo

Chakula unaweza kuahirisha, choo huwezi. Tafuta mapema hoteli au mkahawa wa Forodhani au Shangani wenye choo cha kukaa ghorofa ya chini, na uulize mlango unafungukia ndani au nje: ukifungukia ndani, kiti kikishaingia haufungiki. Kanga ile ile itakuwa pazia. Agiza chai, zungumza na mwenye nyumba, na mpange siku yako yote kuzunguka mahali hapo. Kupunguza kunywa maji ili usitafute choo ni hatari kwenye joto hili, hasa kwa anayetumia mpira wa mkojo.

Kabla hujaondoka

Mtafute msimamizi wa jengo, si mlinzi. Mwambie vipimo ulivyokutana navyo: kizingiti chenu kina sentimita kadhaa, ubao wa urefu fulani ungetosha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja katika Ibara ya 30 makumbusho na huduma za utalii, na kwa maeneo ya urithi unasema yafikike kadiri inavyowezekana. Maneno hayo ya mwisho ndiyo wengi hujifichia, wakisema jengo ni la urithi na jiwe haliguswi. Ni kweli haliguswi, na Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ina kazi ya kuhakikisha hivyo. Ubao wa kuweka na kuondoa haugusi jiwe lolote. Fundi seremala wa Darajani anautengeneza kwa siku moja, unaegemezwa nyuma ya mlango, na mlinzi anaujua.

Picha na vipimo ulivyokusanya viandike kwenye ramani ya simu chini ya jina la jengo, kwa Kiswahili: idadi ya vipandio, shubiri za mlango, choo kilipo. Kisha uwahi boti yako. Jioni Forodhani hujaa wauza urojo na mishikaki, na teksi hupata taabu kusogea karibu na bustani.